Gesi ya Maji na Moshi wa Mama Mkwe

Kwanza ulikuwa mluzi. Nilikuwa nimempakata binti yangu wa miezi saba, mvua inapiga bati, nikasikia mluzi mwembamba ukija na kupotea, ukija na kupotea. Nikadhani ni upepo kwenye ufa wa mlango. Nilipoinamisha sikio kifuani pake ndipo nilipojua ni yeye. Kila alipovuta pumzi kitu kilipiga mluzi ndani. Nilimwita baba yake, naye akasikiliza, akasema ni mafua tu, yatapita. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini anachosema.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Wa umri wangu wanaikumbuka kwa madaraja yaliyosombwa na barabara zilizokatika. Mimi naikumbuka kwa kuni. Zilikuwa zimelowa mpaka moyoni. Ungepuliza mpaka uone nyota, na kilichotoka ni moshi mzito wa kijivu uliokuja moja kwa moja usoni kana kwamba una kisasi nawe. Tuliishi nje kidogo ya Malava, katika boma la kwao mume wangu. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anafundisha sayansi na hesabu, na mimi kama watu wote nilimwita Mwalimu, hata nyumbani. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mwenye boma alikuwa mama yake.

Mimi nilitoka Chekalini, kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu, na nilikuwa sijatimiza miaka miwili tangu niolewe. Katika nyumba ile, mke mpya alipika kwenye mafiga ya mama mkwe mpaka siku ambayo mama mwenyewe angempa mafiga yake: mawe matatu, chungu kimoja na maneno ya baraka. Kabla ya siku hiyo, kuwasha moto wako mwenyewe ni kumwambia mama wa watu kwamba umemchoka. Tulikuwa na nyumba yetu ya bati, vyumba viwili, hatua thelathini kutoka kwake, lakini moto bomani ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wake.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo cha mviringo, paa la nyasi, mlango mfupi, na dirisha hakuna. Juu ya moto kulikuwa na dari la fito, na darini mahindi ya mbegu yamening'inia na maganda yake. Moshi ndio uliofukuza fukusi kwenye mbegu, ndio uliozuia nyasi za paa zisioze. Mama alikuwa akisema, "Moshi ni askari yangu. Hakulangi, haombangi likizo." Alisema hivyo macho yake mekundu yakitiririka, na mimi nikicheka kwa adabu, mtoto mgongoni.

Alisema nami kwa Kiswahili. Watu wa kwetu na wa kwao tunasikizana Kiluhya vizuri tu, tofauti ni maneno mawili matatu, lakini yeye alichagua Kiswahili, kile ambacho mtu huzungumza na karani. Nilikichukulia kuwa ni mpaka aliouweka kati yetu. Na mimi nina kiburi. Mtu akiniwekea mpaka, siuvuki hata akiuondoa.

Mtoto alipofikisha miezi minane, mluzi ukawa nimonia. Tulilazwa siku sita. Daktari aliyemhudumia, mwanamke mtulivu mwenye sweta ya kijani, aliniuliza, "Mama, wakati wa kupika mtoto anakuwanga wapi?"

"Kitandani," nilisema. "Kwa nyumba."

Aliitazama leso yangu ya kubebea, nyeusi kwa masizi, inanuka moshi mpaka kitanda cha tatu. Aliandika alichoandika. Nilidanganya, na ningeapa kama angetaka niape. Kusema ukweli ilikuwa ni kusema mbele ya mgeni kwamba mama wa mume wangu anamwua mjukuu wake, na maneno ya namna hiyo hufika nyumbani kabla yako. Tulipotoka nilirudi jikoni na mtoto mgongoni, kwa sababu alikuwa ananyonya na hakukubali kuachwa na mtu mwingine.

Nilimwambia Mwalimu, "Ongea na mama yako." Akasema ataongea. Ikapita wiki, zikapita tatu. Mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hazunguki zunguki jikoni kwa mama yake, sembuse kumpangia moto wake. Tena Mwalimu alikuwa kitinda mimba, yule anayesifiwa na majirani kwa kutomjibu mama. Mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu kwa mlango wa nyuma: alimnunulia jiko la mafuta ya taa. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapika nalo mara moja, akasema ugali unanuka taa, kisha akalisukuma chini ya kitanda. Utaniuliza, na jiko la makaa je? Hata mimi nimejiuliza miaka hii yote. Wakati ule kila kitu cha dukani tulikiona kama lawama tuliyoifunga kwa karatasi.

Siku moja Mwalimu alirudi kutoka shuleni na kitabu cha sayansi, ukurasa mmoja umekunjwa. Aliniketisha.

"Maji ni gesi mbili," alisema. "Ukipitisha umeme ndani yake, zinaachana. Moja inawaka. Na ikiwaka, unajua inatoa nini?"

"Nini?"

"Maji. Hakuna moshi. Hakuna masizi. Tunampelekea Mama kama zawadi, kitu hakuna mtu hapa amewahi kuona. Atapika nacho kwa sababu mtoto wake ndiye amekitengeneza, na hakuna mtu atakuwa amelalamika."

Mtoto alikuwa amelala kifuani pangu, anapiga mluzi wake. Nikasema sawa. Niliamini kabisa, na hadi leo sijui ni nani kati yetu aliyeamini zaidi.

Umeme wa nguzo haukuwa umefika kwetu. Tulikuwa na betri ya gari iliyoendesha redio na taa ndogo ya sebuleni. Ikiisha, Mwalimu aliifunga nyuma ya baiskeli, akaipeleka Malava kwa mtu mwenye jenereta ya dizeli, akaichukua kesho yake. Mtambo wetu wa kwanza ulikuwa chupa ya jemu, maji, vijiko viwili vya chumvi ya jikoni, na vijiti viwili vyeusi vya kaboni tulivyovitoa kwenye mawe ya tochi, zile betri ndogo, yaliyokufa. Aliunganisha nyaya. Povu likapanda kwenye vijiti vyote viwili, na Mwalimu akacheka kwa sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa kali, ya kuchoma pua, ile ya dawa wanayofulia mashuka ya hospitali. Macho yalituwasha. Mtoto, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na meza, alianza kukohoa, na kikohozi hakikukatika. Uso ukabadilika rangi, akawa anapanua mdomo na hewa haiingii. Nilimnyakua nikakimbia naye uani kwenye mvua. Ulipita muda mrefu kabla hajalia. Alipolia, niliketi kwenye matope nikalia naye.

Mwalimu alitoka na ile chupa akaimwaga. Baada ya siku mbili nyasi za mahali pale zilikuwa zimepauka. Alipekua kitabu chake akagundua kosa: ndani ya chumvi ya jikoni mna klorini, na umeme huitoa ikawa gesi ya sumu. Yaani tulikuwa tunamtoa mtoto kwenye moshi wa kuni tukimpeleka kwenye kitu kibaya mara kumi. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alifunga kitabu, akasema, "Tunahitaji chumvi isiyo na klorini."

Hapo ndipo ningeweza kuukomesha ule mchezo. Badala yake nilisema, "Jaribu musherekha."

Kila jiko la kwetu lina musherekha. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unatia jivu lake kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamwagia maji polepole, na yanayodondoka ni maji ya rangi ya chai, makali, yanayoteleza vidoleni. Ndiyo tunayotia kwenye mrenda na kunde ili zilainike. Ni kazi ya wanawake. Mwanamume huila tu kwenye mboga, hajui hata imewekwa wapi. Nilichota vikombe viwili kwenye chungu cha Mama, nikavichemsha mpaka kikabaki kimoja, nikampa Mwalimu. Alitumbukiza vijiti vyake. Povu lilipanda zito na jeupe, na hakukuwa na harufu yoyote isipokuwa ile ya mboga za jioni.

Sikuwahi kusoma kemia ya maana. Niliishia kidato cha pili, karo ilipokatika. Lakini siku ile nilijiona mtu, na tangu hapo mtambo ule ukawa wangu kuliko ulivyokuwa wake.

Nitaeleza tulivyouboresha, kwa sababu bado naona fahari, na fahari hiyo ni sehemu ya kosa. Vijiti vya kaboni vilikuwa vinamomonyoka na kuyafanya maji meusi. Nikatoa trei ya stili niliyopewa na mama yangu mzazi siku ya harusi. Mwalimu akaipeleka kwa fundi wa mabati, ikarudi imekatwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Tuliona kwamba vipande vikikaribiana, gesi huongezeka, na vikigusana kila kitu husimama. Basi nilitenganisha kila kipande na mwenzake kwa vifungo vya shati, na katikati nikapitisha kitambaa cha turubai ili gesi ya kuwaka isichanganyike na ile nyingine. Tulipima kwa chupa ya soda: unaijaza maji, unaigeuza mdomo chini ndani ya beseni, unaingiza mpira wa dripu, unatazama saa mpaka gesi iyasukume maji yote nje. Kwa vile vijiti vya kaboni ilichukua dakika ishirini. Kwa stili, dakika nane.

Kisha Mwalimu akaanza kusumbuliwa na joto. Maji yalikuwa yanapata moto yenyewe na nyaya pia, na hilo, alisema, ni nguvu inayomwagika bure. Betri ni ya volti kumi na mbili, na maji yanahitaji mbili na ushee tu. Akapanga makopo matano ya plastiki ya mafuta ya kupikia, umeme ukitoka kwenye hili unaingia lile, kila kopo likipata fungu lake. Maji yakaacha kupata joto. Chupa ikajaa kabla ya dakika mbili kuisha. Mwishoni mwa mpira tuliweka sindano ya hospitali ya kuwashia, na njiani tukapitisha gesi kwenye chupa ya maji ili moto usirudi nyuma. Hiyo chupa tuliiongeza baada ya kopo moja kupasuka kwa kishindo na kunirushia musherekha shingoni. Alama ninayo.

Dakika hizo niliziandika kwenye daftari la kliniki la mtoto, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Mbele kulikuwa na uzito wake, nyuma kulikuwa na chupa zetu. Chupa zilikuwa zinajaa haraka zaidi kila mwezi. Uzito ulikuwa umesimama.

Alilazwa mara ya pili mvua zilipopungua, na mara ya tatu miwa ya jirani ilipokuwa ikikatwa. Ile mara ya tatu nakumbuka nimeketi kando ya kitanda, yeye amefungwa mpira puani, na akili yangu ikiwa kwenye vifungo: je, nikitumia vyembamba zaidi? Sijasingiziwa na mtu. Niliwaza hivyo mwenyewe, na niliporudi nyumbani nilitafuta vifungo vyembamba kabla sijafua nguo za hospitali. Asubuhi nilikuwa nampika mtoto wangu kwenye moshi, samahani kwa neno hilo, sina lingine, na alasiri nilikuwa naketi sebuleni kutafuta namna ya kumwokoa. Zile alasiri nilizipenda. Mimi na Mwalimu tulikuwa tunacheka, tunabishana, tunapeana zamu ya saa. Ndoa yetu haikuwahi kuwa tamu namna ile.

Jumamosi moja Mwalimu alimleta rafiki yake aliyefundisha fizikia katika shule ya upili ya jirani. Mtu yule alikaa saa nzima juu ya makopo yetu. Aligusa kila waya, akauliza kuhusu musherekha, akapima chupa yeye mwenyewe kwa saa yake.

"Hii ni kazi safi," alisema. "Mimi sina kitu kama hii kwa maabara. Sasa mnataka kupikia nini?"

"Kila kitu," nilisema.

Alitoa kalamu akaandika kidogo kwenye kiganja chake. Aliangalia alichoandika kwa muda, akionekana hataki kukisoma. "Shemeji, gesi haitoki kwa maji na moto wake. Moto inatoka kwa betri. Betri imetoa kwa dizeli ya Malava. Njiani nyingine inapotea. Hata mtengeneze hii kitu vizuri namna gani, hamwezi kupata moto kushinda ile mlibeba kwa baiskeli."

"Si tumeongeza mara kumi?"

"Mmeongeza, kweli kabisa. Lakini yote pamoja haifiki taa moja ya stima ya kwa nyumba. Utapika ugali na taa?"

Mwalimu hakuinua macho. Mimi nilikasirika, si kwa sababu alikuwa anakosea. Sikumwongezea chai, na alipoaga nilimjibu nikiwa nimempa mgongo. Mtu mwungwana kama yule, na kila nikimkumbuka naona haya.

Mwenye akili angeachia hapo. Mwalimu alikaa siku mbili bila kugusa makopo. Siku ya tatu nikamwambia, "Uji wa mtoto tu. Kikombe kimoja. Hicho hakitashindikana." Akasema, "Na tena Mama aone." Ukweli ni kwamba hatukuwa na njia nyingine ya kuingia kwenye mazungumzo yale. Kama si mtambo, ingebidi tutumie midomo yetu.

Tuliupeleka alasiri, jua limewaka. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde, na kuni zinafuka polepole kwenye mafiga. Niliingiza betri, nikaingiza makopo, nikapanga vipande vitatu vya tofali, juu yake sufuria ndogo ya uji, chini yake sindano. Mwalimu alibaki kizingitini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, akinielekeza mambo ninayoyajua. Mtoto alikuwa mgongoni. Alikuwa amekaribia mwaka na nusu na nilikuwa sihisi uzito wake.

Niliwasha kwa kijinga cha moto. Kulikuwa na mlio mdogo, kisha kimya. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unaangukia pale pale kwenye sindano, na moto wa gesi ile hauonekani mchana.

Mama aliinama akatazama. "Moto iko wapi?"

"Iko hapo, Mama. Haionekani tu."

Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, kwa ile huruma ya kumtazama mtu ambaye malaria imempanda kichwani. Kisha akanyoosha kidole. Nilichelewa kumzuia. Alirudisha mkono, akakitia kidole mdomoni.

"Sasa," alisema, kidole kingali mdomoni, "mimi niko na moto inaonekana. Hii ya kujificha mmeniletea ya nini?"

Mwalimu alianza kueleza. Haidrojeni, alisema. Oksijeni. Volti. Mtoto akaanza kukohoa, kile kikohozi cha kumkunja, nikazihisi mbavu zake zikinipiga mgongoni, na Mwalimu akapandisha sauti ili asikike. Niliposikia anapandisha sauti juu ya kikohozi cha mtoto wake, uvumilivu uliniisha.

"Ni moshi, Mama," nilisema. Sikusema kwa Kiswahili. Nilisema kwa Kiluhya cha kwetu, kama ninavyosema na mama yangu. "Ni moshi wa humu ndani. Ndio unaomwua huyu mtoto. Amelazwa mara tatu kwa sababu ya jiko hili, na sisi tumeshinda karibu mwaka mzima tukitengeneza huu upuuzi kwa sababu tunaogopa kukwambia."

Nilisubiri anifukuze. Mwalimu alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Mama alitoa kidole mdomoni. "Mwaka mzima," alisema, naye kwa Kiluhya. "Na wewe ulikuwa unanyamaza tu."

Hakungoja jibu. Aliweka chini ungo wa kunde, akatoka, akarudi na jembe. Alituambia tusogeze vyungu. Alipima kwa macho, juu ya mafiga, chini kidogo ya paa, mahali fito zilipoachana, akapiga. Udongo mkavu ulianguka kwa mapande. Mwalimu alitaka kumpokea jembe akamkatalia. Alipiga mara saba au nane, akavunja fito mbili kwa mkono, na mwanga ukaingia mahali ambapo sikuwahi kuona kuta. Zilikuwa nyeusi tii, zinang'aa. Moshi uliokuwa umejazana kileleni mwa paa ulitikisika, ukalitafuta tundu, ukaanza kutoka.

Niliingiza kidole kwenye uji wa mtoto. Moto wetu ulikuwa ukiwaka muda wote huo. Uji ulikuwa haujapata hata uvuguvugu.

Mama aliketi, anahema, vumbi limemjaa nywele. "Nilikuwa nakuona unatoka nje na mtoto kila mara, unajifuta macho," aliniambia. "Nikasema, huyu ametoka kwenye mashamba ya wazungu, amezoea nyumba za madirisha, anataka watu waone ninavyomtesa. Ningekuuliza, ningeonekana najitetea." Alijipangusa vumbi usoni. "Mafiga yako yako nyuma ya ghala. Niliyachagua mwenyewe mtoni mtoto alipozaliwa. Lakini ningekupa vipi na wewe hujaniambia kitu? Ungesema nakufukuza jikoni kwangu."

Nilitoka nikaenda nyuma ya ghala. Mawe yalikuwa pale, matatu, mazuri, ya ukubwa mmoja. Nyasi zilikuwa zimeota zikayafunika nusu. Nilichuchumaa mbele yake na mtoto mgongoni, na nilimchukia Mama, nikamchukia Mwalimu, na zaidi yao nilijichukia mimi, kwa sababu ghala lile nilipita kando yake kila siku nikienda kuchota musherekha ya kufanyia majaribio.

Nilipewa mafiga wiki iliyofuata, kwa heshima zote, na Mwalimu akanijengea jiko la madirisha mawili. Betri ikarudi kwenye redio. Makopo yalikwenda shuleni, na naambiwa wanafunzi waliyafurahia sana. Mtoto hakulazwa tena. Alianza kuongeza uzito, akatembea, akasema, akaanza shule na wenzake. Kila mtu alisema amepona. Lakini michezo ya mbio alikuwa akiitazama kutoka pembeni, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye.

Mama alishafariki, akiwa mgonjwa wa kifua vilevile, na miaka ile ya mwisho hatukuzungumza Kiswahili. Mwalimu amestaafu. Wageni wakija bado huwasimulia jinsi tulivyotoa gesi kwenye maji kwa musherekha na vifungo vya shati. Wageni husifu, na mimi huinuka kutoa vyombo.

Binti yetu anafanya kazi Kakamega mjini. Akija kutusalimia hushuka barabarani, na kutoka hapo kuna mwinuko mfupi wa kufika kwetu, ambao mimi na umri wangu naupanda bila kupumzika. Yeye husimama mara mbili. Hushika kiuno, hugeuka, husema anaangalia miwa ilivyokua. Basi nami nasimama, tunaangalia miwa pamoja mpaka pumzi imrudie. Aliniuliza mara moja tu kama alizaliwa na kifua hiki. Nilimjibu ndiyo, nikampokea mkoba wake.